Tundu la Kumi na Moja

Saa ile iliingia karakana ya Thirza Heslop ikiwa ndani ya kreti la kubebea wanakondoo, imeviringishwa manyoya ambayo bado yalinuka zizi. Mzee aliyeibeba alikuwa mrefu, koti lake la sufi amelifunga kiunoni kwa kamba, na alipopita mlangoni alitanguliza kiwiko kama mtu anayeingia chumba chenye giza. Lakini ilikuwa asubuhi, siku ya soko, na jua la Septemba lilikuwa limejaa dirisha zima.

"Wewe ndiye binti wa Heslop?" aliuliza, uso ameuelekeza kwenye jiliwa la kubania vyuma lililofungwa pembeni mwa meza.

"Niko huku, mzee."

"Aa! Kumbe nimesalimia chuma." Akacheka mwenyewe, akageuka kuifuata sauti. "Mimi Wilf Nattrass, wa kule juu vilimani, Allendale. Babako alitutengenezea saa ya ukutani mwaka niliooa. Mpaka leo inatembea. Sasa nimekuletea bibi yake."

Thirza alilipokea kreti na kuliweka juu ya meza. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na arobaini kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki kimoja cha mji wa Hexham, kwanza chini ya baba yake, kisha peke yake. Saa zilikuwa zimepita mikononi mwake kwa mamia. Watu wa mji walimjua kuwa fundi hodari na mgumu wa kusifu. Mtu akimletea urithi wa babu yake huku machozi yakimlenga, yeye humwuliza tu kama ana ufunguo.

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Ila sikuja kwa sababu imesimama, mwanangu. Inatembea, lakini imekuwa bubu."

Akakaa kwenye stuli aliyosogezewa, akaeleza. Daktari amemwambia kuna doa limekaa katikati ya macho yake yote mawili, na linapanuka. Pembeni bado anaona kidogo. "Nikikutazama usoni, uso hamna. Nikitazama dirisha ndio naliona sikio lako. Wanasema hadi Krismasi hata hilo sikio litakuwa limekwenda zake."

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Hilary, binti yangu, kaniagizia saa inayosema. Unabonyeza, mwanamke anakutajia saa. Lakini yule mwanamke ana sauti ya mtu uliyemkanyaga mguu, akakusamehe shingo upande. Nimempeleka bandani kwa kuku. Kuku hawajali."

Thirza alitabasamu, jambo ambalo mzee hakuweza kuliona.

"Sasa hii," mzee akaendelea, akipapasa manyoya, "ilikuwa inasema. Bibi yangu alikuwa akiiweka juu ya kabati kando ya kitanda chake. Nilikuwa nalala naye, mtoto mdogo. Nikishtuka gizani naogopa, yeye hawashi taa. Ananyoosha mkono, anavuta uzi uliokuwa unaning'inia ubavuni, na saa inajibu. Kengele nene inahesabu saa. Halafu robo: kengele sita ndogo zinashuka mbio kama watoto ngazini. Robo moja, wanashuka mara moja. Nusu, mara mbili. Basi nalala."

"Nini kiliinyamazisha?"

"Fundi wa kupita. Nilikuwa na miaka kumi. Alimwambia bibi kwamba mle ndani mna makorokoro yanayoilemea saa, bora yatolewe. Akayatoa. Akatia mfukoni, akaondoka nayo. Bibi hakumsamehe mpaka anaingia kaburini." Mzee akajikohoza. "Nataka kuisikia tena. Na nitaihitaji. Inawezekana?"

Thirza alijua habari za mafundi wa namna hiyo. Karne nzima walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakitoa kila wasichokielewa.

"Siwezi kuahidi," alisema. "Niache niifungue kwanza."

Mzee alipokwisha kuondoka, akaifungua.

Ilikuwa saa ya mezani yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kasha lake la mti mweusi kama kaa, na juu yake mpini wa shaba, kwa kuwa saa za namna hii zilitengenezwa zibebwe: mchana sebuleni, usiku chumbani. Chini ya uso wake kulikuwa na jina, Josiah Wraxall, London. Thirza alilitafuta katika vitabu vyake na kulipata mara mbili, mstari mmoja kila kitabu. Alifanya kazi wakati malkia Anne wa Uingereza alipokuwa kwenye kiti cha enzi, miaka mia tatu iliyopita. Zaidi ya hapo hakuna aliyeandika lolote.

Akaigeuza. Mgongoni mlikuwa na mlango wa kioo, na nyuma ya kioo bamba la shaba lililochorwa lote, kutoka pembe hadi pembe: majani yanayojikunja, maua yaliyofumbuka nusu, ndege wawili wamegeuziana shingo. Hakuna uwazi wa kuweka hata ncha ya sindano. Mgongo umepambwa kuliko uso! Thirza alikwisha kuona migongo ya namna hiyo, lakini hapa aliinama na kioo chake cha kukuza, akawa anafuata mshipa mmoja wa jani moja, na alipoinua kichwa chai yake ilikuwa imepoa.

Akaendelea kushuka ndani. Mnyororo uliovuta magurudumu ulikuwa mwembamba kama uzi wa kiatu, pete zake zaonekana kwa kioo tu. Akatoa vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitambaa. Aligundua kwamba hata pale vipande vilipokaa uso kwa uso, mahali ambapo tangu saa ilipofungwa mara ya kwanza hapakufika mwanga wala jicho, Wraxall alikuwa amepalainisha. Upande wa chini wa gurudumu la chini kabisa uling'aa kama sehemu ya kuonyesha wageni.

"Ulikuwa unamwonyesha nani?" Thirza aliuliza kwa sauti, kisha akaona haya, kwani hakuwa na desturi ya kuongea na saa.

Nyuma ya uso wa saa, kwenye bamba la mbele, ndipo ulipokuwa msiba. Yule fundi wa kupita alikuwa amekwangua kila kitu. Kengele zilibaki, pengine kwa sababu zilipendeza, na lilibaki lile gurudumu ambalo mafundi huliita konokono, lililokatwa ngazi kumi na mbili kuzunguka ukingo wake, kila ngazi na kina chake. Mkono wa chuma ulikuwa ukianguka juu ya ngazi hizo, na kwa jinsi ulivyozama kina kirefu au kifupi, nyundo ikajua ipige mara ngapi. Lakini mkono wenyewe haukuwapo. Nyundo hazikuwapo. Springi, nyenzo, vishikizo, vyote vilikwenda na mfuko wa mtu aliyekufa zamani. Kilichobaki ni matundu.

Thirza aliyahesabu. Yalikuwa kumi na moja.

Wapo ambao wangechukua vipande vya saa nyingine, wakavilazimisha vikae. Thirza hakuwa mmoja wao. Alichukua karatasi, akachora bamba kwa ukubwa wake halisi na kuweka kila tundu mahali pake. Kisha akaitundika karatasi hiyo ukutani mbele ya meza na kuitazama kwa siku tatu bila kushika tupa.

Tundu si uwazi tu. Tundu lenye ukingo laini lilibeba kitu kinachozunguka. Lenye mikunjo ya skrubu lilishika kitu kisichotikisika. Likichakaa upande mmoja, ujue kitu kile kilikuwa kikivutwa upande ule. Kidogo kidogo Thirza akaanza kuyasoma. Hapa palikuwa na egemeo la mkono, maana kutoka hapa tu ndipo mkono ungeweza kuifikia kila ngazi ya konokono. Pale palikaa springi. Pale nyundo sita zilipangwa kwenye ufito mmoja. Alikata, akapiga tupa, akajaribu, akatupa, akakata tena. Na kila alipofika mahali pa kukwama na kujiuliza angefanyaje yeye mwenyewe, aligundua kwamba Wraxall alikwisha kufika hapo, akakwama, akatafuta njia, na njia yake ilikuwa fupi kuliko ya Thirza na nzuri zaidi.

Hilo ndilo lililomfanya aanze kwenda kazini mapema, mikate ya soko ikiwa bado moto. Alikuwa amefikia umri ambao alidhani kazi hii imeshamwambia yote. Sasa alijisikia kama mtu anayeandikiana barua na mtu aliye mbali, na kila barua inayorudi inamzidi akili.

Ilipofika katikati ya Oktoba, matundu kumi yalikuwa yamepata wenyewe. La kumi na moja lilikataa.

Lilikuwa dogo, safi, limetobolewa kwa uangalifu kando kidogo ya konokono. Hapakuwa na kazi iliyobaki ya kufanywa na kitu cha hapo. Thirza alilizunguka wiki nzima. Alibuni mambo manne, na lolote kati ya hayo lingewezekana. Lakini baba yake alikuwa amemwachia neno moja: usiongeze kitu ambacho saa yenyewe haijakwambia. Tundu peke yake halimwambii mtu urefu wa kitu, wala umbo, wala kilikokuwa kikielekea. Basi akaliacha wazi, akaiunga saa, na kumpigia simu Mzee Nattrass aje asikilize.

Alikuja na basi la asubuhi, akapokea kiti, akavua kofia kama yuko kanisani. Ilikuwa imeshapita saa tano na robo ya asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa umeipita namba kumi na moja.

"Uzi uko ubavu wa kulia," Thirza alisema. "Vuta mpaka ugote, halafu achia."

Mkono wa mzee ulitambaa juu ya kasha, ukaupata uzi wa hariri. Akavuta.

Kengele nene ikapiga mara kumi na moja. Kukawa na pumzi. Kisha zile sita zikashuka, mara moja.

Mzee aliikandamiza kofia kifuani. Thirza akageuka kutazama dirisha, akawaangalia watu wawili waliokuwa wakibishana juu ya boga huko nje.

"Ni yeye," mzee alisema mwishowe. "Sauti ni ile ile. Ila ana haraka. Bibi yangu hakuwa na saa yenye haraka. Kati ya mlio na mlio ungeweza kuvuta pumzi."

"Pumzi nzima?"

"Ya mtoto. Pumzi ya mtoto."

Thirza alifungua mlango wa nyuma, akarekebisha kidogo kile kibati kiitwacho kipepeo, kinachotuliza mwendo wa nyundo. Akavuta. "Hivyo?"

"Polepole zaidi."

"Na hivyo?"

Mzee aliinua kidole, akatulia kusikiliza hadi mlio wa mwisho ukafa chumbani. "Hapo. Hapo hapo. Usiguse tena."

Miaka sabini imepita, Thirza aliwaza, na mtu huyu ameubeba mwendo ule sikioni bila kuudondosha. Akatia alama ndogo kwa kalamu.

Mzee, kwa furaha, akanyoosha mkono avute tena. Lakini safari hii alivuta kwa ulegevu, kama mtu anayepapasa mkia wa paka, na uzi haukufika mwisho. Saa ikapiga nne. Kisha zile sita zikashuka, mara moja.

Akakunja uso. "Nne?"

"Hukuvuta mpaka mwisho, mzee. Ule mkono haukuzama vizuri kwenye ngazi. Usipovuta kamili inahesabu pungufu. Saa nyingi za zamani ndivyo zilivyo. Utazoea."

"Yaani nikivuta nusu inanidanganya."

"Ndiyo kusema hivyo."

"Na mimi sitajua."

Kwa mwenye macho, jambo lile lilikuwa kasoro ndogo. Angewasha taa akatazama. Thirza akaona kwamba mwezi mzima alikuwa akiitengenezea saa, hakuwa akimtengenezea mzee.

"Hapana," mzee alisema polepole, akitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Hii siyo. Huyu hakuwa mwongo."

"Mzee, ni muda mrefu..."

"Sikiliza. Mimi nilikuwa mtoto, mkono wangu hauna nguvu. Nilikuwa namwomba bibi, niache nivute mimi. Navuta, uzi unanishinda njiani. Na bibi ananiambia, 'Wilf, usimvute kivivu, atanuna.' Kila mara. Atanuna."

"Akinuna anafanyaje?"

"Ananyamaza! Mtu akinuna anafanyaje? Kimya. Hapigi hata kengele moja. Unavuta tena, vizuri, kwa adabu, ndio anakujibu."

Thirza aligeuka ghafla. Alitazama mchoro ukutani, matundu kumi yenye majina na lile moja lenye alama ya kuuliza. Saa isiyovutwa kamili inanyamaza. Haihesabu pungufu, inakataa kuhesabu. Basi palikuwa na kitu pale kando ya konokono, mlinzi, kinachozishika nyundo zote zisitikisike mpaka mkono ugote sawasawa kwenye ngazi yake. Ukigota, mlinzi anasogea, nyundo zinakuwa huru. Usipogota, kimya.

"Mzee Nattrass," alisema, akinyoosha mkono kuchukua bisibisi, "subiri hapo. Usiondoke."

"Niende wapi? Basi ni saa tisa."

Akatoa uso wa saa, akatoa vipande alivyotengeneza mwenyewe, mpaka bamba la mbele likabaki tupu. Akaliweka chini ya taa, akalichungulia kwa kioo. Palikuwa laini. Mafundi wa vizazi vyote walilipiga msasa, na kama palikuwa na alama yoyote, jicho halikuiona. Alilitazama kutoka juu, kutoka pembeni. Robo saa ikapita.

"Hamna," alisema, akitupa kioo mezani. "Najua alikuwapo. Sijui alikuwa mrefu kiasi gani, wala alilala upande gani. Nikibahatisha, nitakuwa kama yule mwenye mfuko, tofauti yake yeye alitoa na mimi natia."

"Niache nishike."

Thirza alisita. Kulikuwa na sheria katika karakana ile, tangu enzi za baba yake: mkono mtupu haugusi bamba. Jasho la vidole hula shaba. Alama ya mtu huweza kubaki miaka. Wateja hata hawakuruhusiwa kuegemea meza. Alikuwa ameshafungua mdomo kukataa.

"Mwanangu," mzee alisema, akivitandaza viganja vyake vikubwa, "nimekaa miaka sitini nikiingiza mkono ndani ya kondoo waliokwama kuzaa, gizani, mvua inanipiga mgongoni. Kwa vidole tu najua huu mguu wa mbele, huu wa nyuma, huyu ni pacha, yule amekufa. Macho hayajawahi kunisaidia kwenye kazi hiyo. Niache nishike."

Thirza akampeleka kwenye beseni. Akamwoshea mikono yeye mwenyewe, kwa sabuni, kisha kwa spiriti, akampangusa kidole kimoja kimoja. Akamketisha mezani, akamshika kidole cha shahada na kukiweka juu ya tundu la kumi na moja.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

Kidole kilianza kuzunguka. Kilikuwa kinene, chenye makovu, ncha yake imepasuka kwa baridi za miaka, nacho kilitembea juu ya shaba kwa wepesi ambao Thirza hakuutegemea. Kilikwenda kikarudi. Kikatulia. Kikarudi tena pale pale.

"Pana njia hapa."

"Njia gani?"

"Kama njia ya kondoo mlimani. Ukiwa umesimama juu yake huioni, lakini mguu unaijua." Akavuta kidole taratibu. "Inaanzia hapa, inapinda hivi. Inaishia hapa. Fupi. Kama ukucha wa mwanamke."

"Rudia."

Akarudia, na Thirza akaweka nukta ya wino kila alipoambiwa "hapa". Kisha akazima taa ya juu, akachukua tochi, akailaza sawa na meza hadi mwanga ukawa unateleza juu ya bamba kama jua la jioni juu ya shamba. Na kivuli kikatokea. Chembamba kuliko unywele, kimejipinda kwa upole, kikipita katika kila nukta aliyoiweka. Akachukua bikari, akasimika mguu mmoja katika tundu la kumi na moja, akauzungusha mwingine. Ulipita juu ya njia ile bila kutoka nje hata kidogo.

Thirza akakaa kitako.

"Vipi?" mzee aliuliza. "Mbona kimya? Umenuna na wewe?"

"Iko, mzee. Iko kweli. Umeiona."

Ilikuwa njia iliyochimbwa na kipande cha chuma chepesi kuliko punje ya mchele, kikigusa shaba kila mtu alipovuta uzi. Kuichimba kwa kugusa tu kunataka maelfu ya usiku. Alifikiria mikono yote iliyonyooshwa gizani kutafuta uzi ule: mama anayehesabu saa za homa ya mtoto, mtu anayesubiri alfajiri asafiri, bibi kule Allendale na mjukuu wake mwoga. Na kabla ya wote hao, mtu mmoja London mbele ya dirisha, tupa mkononi. Saa ilikuwa imekwisha kukamilika. Ingeuzwa kwa bei ile ile bila kipande hicho, na mnunuzi asingejua. Lakini Wraxall alikuwa amewaza juu ya mtu atakayevuta uzi kwa mkono uliochoka au dhaifu, asiyeona, asiye na njia nyingine ya kujua. Akaona ni afadhali mtu huyo asijibiwe kuliko ajibiwe uongo. Akatoboa tundu moja zaidi.

"Binti Heslop," mzee aliita kwa upole. "Unalia?"

"Hapana."

"Haya. Mimi sioni, kwa hiyo nitakuamini."

Kukitengeneza kipande kile kulichukua wiki tatu. Cha kwanza kilivunjika alipokichovya majini kikiwa chekundu. Cha pili kilikuwa kizito kwa kiasi ambacho mizani haikukitambua, lakini saa ilikitambua. Cha tatu alikipasha juu ya vumbi la shaba mpaka rangi yake ikageuka kutoka njano kwenda zambarau na kufika buluu ya bahari, akakitoa papo hapo. Akakitia mahali pake. Ncha yake ikalala mwanzoni mwa njia ile ya kale, na alipovuta uzi ikaifuata mpaka mwisho na kurudi, kana kwamba haijawahi kutoka.

Alivuta nusu. Kimya. Akavuta nusu tena, mara ishirini, kila mara kwa kiasi tofauti, na mara ishirini saa ikakataa kumdanganya. Hapo Thirza Heslop, mgumu wa kusifu, akaweka mkono juu ya kasha jeusi na kusema, "Ahsante, bwana."

Mwishoni mwa Novemba akaipeleka Allendale kwa gari lake, ameifunga mkanda kiti cha mbele. Theluji ya kwanza ilikuwa juu ya vilima. Hilary alimpokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye unga hadi viwikoni, uso wa wasiwasi.

"Dada, karibu ndani. Nikuambie ukweli, mimi nilimwambia baba aachane na jambo hili. Saa ya miaka mia tatu itamsaidia nini mtu asiyeona? Ile ya kusema ilikuwa na betri na dhamana."

"Iko wapi?"

"Bandani. Ukipita usiku unasikia inawatajia kuku saa."

Mzee alikuwa jikoni kando ya jiko. Doa lilikuwa limekula zaidi. Safari hii hakugeuza kichwa kutafuta sikio la mtu. Thirza akaiweka saa mezani mbele yake, akaisawazisha kwa vipande vya karatasi chini ya miguu hadi mlio wake ukawa sawa, tik na tak za urefu mmoja. Akarudi nyuma.

Mzee akaupata uzi. Akavuta nusu, kwa makusudi, kisha akaachia.

Hakuna kilichotokea. Hilary akamtazama Thirza. "Si imeharibika hiyo?"

"Nyamaza, mtoto," mzee alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Haijaharibika. Imenuna."

Akaketi sawa. Akavuta tena, mpaka mwisho, kwa adabu. Kengele nene ikahesabu tatu, kwa mwendo wa pumzi ya mtoto. Kisha zile sita zikashuka, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mlio wa mwisho ukakaa juu ya vikombe na sahani kabatini hadi Hilary, unga mikononi, akasahau kufunga mdomo.

"Tena," Hilary alisema.

"Wewe si ulisema ya betri?"

"Baba, tena!"

Walikunywa chai, wakala mkate uliookwa juu ya bamba la chuma, wenye zabibu kavu na siagi iliyoyeyuka hadi kwenye vifundo vya mikono. Mzee alitaka kujua huyo Wraxall alizikwa wapi. Thirza akasema haijulikani. Alikuwa na watoto? Haijulikani. Basi kinachojulikana ni nini?

"Hiki," Thirza alisema, na bila kufikiri akauchukua mkono wa mzee na kuuweka juu ya kasha.

Mzee aliuacha hapo. Akauliza, "Itahitaji kufunguliwa tena lini?"

"Kusafishwa tu. Baada ya miaka kumi, ukiwa unaitia ufunguo kila Jumapili."

"Kumi! Hilary, andika. Mimi sitakuwepo, wewe utaipeleka. Na usimpe mtu yeyote mwenye mfuko mkubwa."

Hilary akanawa mikono, akachukua penseli, akaandika nyuma ya kalenda, mwaka na jina la Heslop na njia ya kufika, kwa herufi kubwa.

Ilipofika saa ya kuondoka, Thirza aliwasha gari uani, akalizima tena ili apanguse kioo kilichojaa theluji. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Kutoka ndani alisikia kengele nene, kisha zile ndogo zikishuka. Akangoja. Kukawa kimya. Kisha zikaanza upya, na hakuweza kujua safari hii uzi ulikuwa mkononi mwa nani.